Wingi wa Siri Si Ufundi: Nasaha kwa Wanaoanza Mazingaombwe ya Karata

Wanangu mnaoanza kushika karata kwa nia ya kuwashangaza watu, nina neno nanyi. Silisemi kwa kijicho cha mzee anayewaona vijana wakimpita. Nalisema kwa sababu kila nikikutana na mmoja wenu namkuta na maradhi yaleyale: siri anazijua tele, lakini mpe pakiti ya karata mbele ya watu watatu waliokaa barazani, hana hata moja ya kuwaonyesha.

Tabu yetu sisi ilikuwa uhaba. Aliyetaka kujifunza kiinimacho alimtafuta mjuzi, na mjuzi ama hakupatikana, ama alipatikana akafumba mdomo. Kitabu kikipatikana kilikuwa kimoja, jalada limeshabanduka, kikipita mkono kwa mkono mpaka kurasa zikaanza kupungua. Ila uhaba huo ulikuwa na heri yake: kwa kuwa cha pili hakikuwapo, mtu alilazimika kukimaliza cha kwanza. Tabu yenu ninyi ni wingi. Simu iliyo mfukoni mwako ina video ambazo huwezi kuzimaliza hata ukiacha kula na kulala. Kila siku kuna mtu anauza mchezo mpya, na kila mchezo unasemekana ndio utakaowaacha watu midomo wazi. Humo ndimo anayeanza anamopotelea, tena anapotea huku akifurahi, maana kila jioni ameona kitu kipya na anadhani amejifunza.

Neno langu ni hili, na yote yatakayofuata ni maelezo yake: chagua chanzo kimoja chenye mpangilio, kifuate tangu mwanzo wake, na usiruke kwenda kingine mpaka mikono yako imeshika kilichomo. Mshika mbili moja humponyoka, na ninyi hamshiki mbili, mnashika mia.

Yupo kijana aliyenijia na simu iliyojaa video alizozihifadhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umejifunza nini?"

Akanitajia mbinu ambazo mabingwa huzitolea jasho kwa miaka. Alizitaja kwa majina yake ya Kiingereza, bila kukosea hata moja. Nikampa karata. "Ree ya shupaza hiyo hapo juu. Changa, na ukimaliza iwe bado iko juu."

Akachanga. Ree ikapotea.

"Hiyo sijaifikia, mzee," akaniambia, "lakini video yake nimeiona."

Jambo nililomwomba ni katika mepesi kabisa ya kazi hii. Karata umezishika kwa mkono wa kulia, migongo yake ikielekea gumba la kushoto. Gumba hilo linavuta karata ya juu peke yake, inaangukia kiganja cha kushoto, kisha zilizobaki zinaifuata juu yake kwa mafungu madogo madogo. Sasa ree iko chini kabisa. Unachanga mara ya pili mpaka mwisho, na karata ya mwisho kubaki mkono wa kulia ni ileile ree. Unaitupa peke yake, inatua juu ya zote. Basi. Maelezo hayajazi hata nusu ukurasa. Kazi iko katika yasiyoandikika kwa urahisi: ule mvuto wa kwanza wa karata moja usiwe na mlio tofauti na mivuto inayofuata, mwendo usisite, macho yasiinamie mikono, na mdomo uendelee na mazungumzo kana kwamba kuchanga ni jambo la kupitisha wakati tu. Hayo hayapatikani kwa kutazama. Yanapatikana kwa kuchanga huku unasubiri chai, huku unasikiliza taarifa ya habari, mpaka mkono ufanye wenyewe bila kuulizwa. Kijana wangu yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alikosa mtu wa kumwambia kipi kinatangulia kipi.

Na hapo ndipo penye tofauti baina ya chanzo kizuri na kibaya. Mtoto akipelekwa chuoni kwa maalimu haanzi na sura ndefu. Anaanza na alifu, be, te, na hakuna mzazi anayelalamika kwamba mwanawe anacheleweshwa. Katika karata kila mtu anataka kuanza na sura ndefu.

Anayeniuliza aanze na kitabu gani, mara nyingi namtajia The Royal Road to Card Magic, cha Jean Hugard na Frederick Braue, kilichotoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940. Hugard alikuwa Mwaustralia aliyehamia Marekani, akafanya kazi ya jukwaani miaka mingi kabla ya kuwa mwandishi. Mwaka 1940 yeye na mwenzake walikuwa wameshatoa Expert Card Technique, kitabu cha watu walioiva, kwa hiyo walipokaa kuwaandikia wanaoanza walijua vizuri safari inaelekea wapi. Sura ya kwanza ni hiyohiyo ya kuchanga niliyoieleza. Kila sura inafundisha mbinu, kisha inakupa michezo ya kuitumia mbinu hiyo, ili usikae na zoezi kavu lisilo na mtu wa kumwonyesha. Ile mbinu ya kuinua karata mbili kana kwamba ni moja, ambayo ninyi mnaianza siku ya kwanza, wao wameiweka mbali sana ndani, baada ya kuchanga, baada ya kuchungulia karata, baada ya kuificha kiganjani. Hawakuwa wakiwanyima. Walijua kwamba mkono usiozoea kuzishika karata ukipewa mbinu ile utaitangaza hata kwa mtu aliyekaa ng'ambo ya barabara.

Kitabu hicho kina upungufu wake. Michoro yake ni michache, na maneno wanayokupa ya kuwaambia watazamaji yamezeeka. Anayetaka maelezo ya kina zaidi na mwenye uwezo wa kulipa, basi aende kwa Roberto Giobbi wa Uswisi. Card College yake ilianza kutoka kwa Kijerumani miaka ya 1990, kisha ikafasiriwa kwa Kiingereza na lugha nyingine. Ni juzuu 5, na mbili za kwanza zinamtosha anayeanza kwa muda mrefu. Giobbi anaanza mbali kabisa: pakiti inashikwaje, karata zinatandazwaje mezani, mkono usio na kazi ukae wapi, macho yatazame nani na wakati gani. Msomaji mwenye papara ataziruka kurasa hizo. Mwenye akili atakaa nazo, kwa sababu mtazamaji huanza kukushuku kabla hujafanya lolote, kwa jinsi ulivyozishika tu.

Tena msidharau michezo inayojiendesha yenyewe, ile isiyotaka wepesi wa vidole. Karl Fulves alikusanya michezo 72 ya namna hiyo katika Self-Working Card Tricks, kitabu chembamba kilichotoka mwaka 1976, na Giobbi naye ana Card College Light kwa kazi hiyohiyo. Vijana wananiambia hayo ni ya watoto. Nawauliza: umewahi kusimama mbele ya watu wazima wanane, ukawaongoza kuanzia salamu mpaka mwisho, mmoja wao akiwa mbishi, mwingine akiwa na simu sikioni, na usipoteze maneno? Mchezo unaojiendesha unakupumzisha mikono ili ujifunze kuzungumza. Huo ni ufundi kamili, na wengi wenye vidole vyepesi hawanao.

Ila hapo pia chagueni. Mchezo wa karata 21, unaojulikana mpaka kwa watoto wa mtaani, unajiendesha barabara: mafungu matatu ya karata saba saba, mara tatu, na karata aliyoifikiria mtu inaishia kuwa ya 11. Hisabati yake haina kosa, lakini watazamaji wamekwisha kupiga miayo ukiwa bado unagawa mara ya pili, na mwisho wake kila mtu anasema, "Ni hesabu hiyo." Kitabu kizuri kinakuchagulia michezo ambayo hesabu yake haionekani. Mtoaji wa video anayetaka tu kutazamwa hukupa chochote alicho nacho.

Sasa nije kwenye video, maana najua mtasema mzee huyu anachukia simu. Siichukii. Yapo ambayo kitabu hakiyawezi: kasi ya mkono, pumzi kati ya tendo na tendo, namna karata inavyolala mezani. Ukisoma maelezo mara tatu na bado huoni gumba linakwenda wapi, tazama mtu akifanya, kisha urudi kwenye kitabu. R. Paul Wilson wa Scotland alikifundisha kitabu kilekile cha Hugard na Braue katika DVD 5, kwa hiyo hata anayependa kutazama hana sababu ya kukosa mpangilio. Ninachokataa ni video kuwa ndiyo madrasa yako nzima, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni macho. Kamera ni jicho moja, limesimama mbele, halisogei. Watazamaji wetu hawakai hivyo. Mmoja yuko kushotoni kwako kwenye ukuta wa baraza, wawili wako upande wa pili, na watoto wamesimama nyuma ya mgongo wako wakichungulia mikono yako. Karata iliyofichwa kiganjani kwa uzuri mbele ya kamera inaonekana wazi kwa mtoto aliyesimama nyuma, na mtoto hanyamazi. Mwalimu wa kweli atakwambia mchezo huu usiufanye ukiwa umezungukwa, ule haudhuriki hata wakikuzunguka. Ukiona mafunzo yasiyogusa habari ya watu wamekaa wapi, jua yametengenezwa kwa ajili ya kutazamwa, si kwa ajili ya kukufundisha.

Ya pili ni ulimi. Anayejifunza kwa video tu humeza na maneno ya mwalimu, na mzaha wake, na namna anavyotikisa kichwa. Nimeona vijana wa huku kwetu wakifanya mchezo kwa Kiingereza cha mtu wa ng'ambo mbele ya bibi zao wasiojua neno lolote la lugha hiyo. Bibi anatabasamu kwa mapenzi, si kwa mshangao. Kitabu hakina sauti, na hiyo ni faida yake: kinakuachia nafasi uijaze kwa sauti yako. Ukisoma mchezo, ukae uandike kwa mkono wako utakachosema kwa Kiswahili chako, cha Lamu, cha Tanga, cha Bukavu, popote ulipo. Zitaje kopa na uru kama watu wako wanavyozitaja wanapocheza jioni. Mpe karata yule mbishi, maana kila baraza lina wake, umfanye shahidi wako. Kitabu hakiwezi kukuandikia hayo, na ndiyo yatakayokumbukwa.

Mtaniambia vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, na Kiingereza ni kigumu, na vitabu ni ghali. Kweli. Lakini Kiingereza cha vitabu hivi ni cha vidole na karata, maneno yaleyale yanarudi kila ukurasa; ukishayazoea ya sura ya kwanza, ya sura ya tano hayakushindi. Kaeni wawili watatu mkinunue kimoja, mkisome kwa zamu, kila mmoja awe na daftari lake la Kiswahili. Na mkitafuta visingizio zaidi, mkumbukeni René Lavand wa Argentina. Alipoteza mkono wa kulia akiwa na umri wa miaka 9. Vitabu alivyovikuta viliandikwa kwa watu wenye mikono miwili, na kila mbinu iliyomo ilibidi aivunje na kuitunga upya kwa mkono wa kushoto peke yake. Alifika majukwaa ya dunia, na watu waliomwona walisahau kwamba kuna kitu anakikosa.

Jihadharini pia na kitabu kizuri kilichokuja kabla ya wakati wake. Mtasikia kila mahali jina la S. W. Erdnase. Mwaka 1902 mtu aliyejificha nyuma ya jina hilo alitoa kitabu mjini Chicago, The Expert at the Card Table, na mpaka leo mabingwa wanakisoma na kukigombania. Dai Vernon, Mkanada ambaye wanamazingaombwe walimwita Profesa, alikishika tangu utotoni na hakukiacha mpaka uzeeni. Mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka kama 90, ufafanuzi wake juu ya kitabu hicho ulichapishwa. Kwa kuwa ni cha zamani kinapatikana bure na kwa halali, basi vijana wanakipakua kwanza kuliko vyote. Mwacheni Erdnase kwanza. Sentensi zake zimebanwa kama vile analipia kila neno, na sehemu kubwa ya kitabu inahusu meza ya kamari. Ukikianza bila msingi utatoka na mawili: kukata tamaa, au mbinu nusu nusu zitakazokuaibisha.

Vernon alikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye habari yake inanipendeza. Persi Diaconis aliondoka kwao New York akiwa na miaka 14 kumfuata Vernon njiani, akaishi kwa karata. Baadaye akanunua kitabu maarufu cha William Feller cha hisabati ya bahati na uwezekano, akakifungua, na hakukielewa, kwa kuwa hesabu za chini yake hakuwa nazo. Hakutafuta kitabu chepesi kitakachomwambia siri kwa mkato. Alirudi shule, akaingia City College ya New York akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, akaanza na misingi aliyoikosa. Alimaliza Harvard, akawa profesa wa Stanford. Mwaka 1992 yeye na Dave Bayer walithibitisha kwamba karata 52 zikichangwa kwa kugawanywa mafungu mawili na kufumanishwa, mara 7 hivi zinatosha kuzivuruga sawasawa. Swali lake lilikuwa lilelile la mikono ya ujana wake, na jibu alilipata kwa kurudi kwenye alifu.

Basi mtajuaje chanzo kizuri mkiwa bado hamjui kitu? Nawapa kipimo kwa mfano mmoja, nao si siri ya mtu, umo katika karibu kila kitabu cha wanaoanza. Umechungulia karata ya chini ya pakiti. Tuseme ni saba ya uru. Mtu anachagua karata yake, anaiona, anairudisha juu. Unakata, fungu la chini linakuja juu. Sasa saba ya uru imelala moja kwa moja juu ya karata yake. Wakate tena na tena, mradi kila mkato unakamilishwa, zile mbili zinabaki majirani. Ukizifunua moja moja kutoka juu, ukiiona saba ya uru, inayofuata ndiyo yake.

Chanzo kibaya kinaishia hapo, kikuambie umeshajua. Kizuri ndiyo kwanza kinaanza. Kitakuuliza: uliichungulia ile saba wakati gani, na watu walikuwa wakitazama wapi? Kitakuonya kwamba siku moja mkato utaangukia katikati ya zile mbili, saba ibaki chini kabisa na karata ya mtu iwe juu, na kitakupa la kufanya siku hiyo. Kitakukataza kusimama ghafla kwenye karata yenyewe, maana ukisimama pale kila mwenye akili atarudi nyuma kuulizia iliyotangulia. Ipite, funua nyingine tatu nne, zungumza, umwambie kwamba karata utakayoigeuza baada ya hapa ndiyo yake. Naye akiwa ameshaiona yake imepita na moyoni ameshakucheka, unarudisha mkono nyuma na kuigeuza ileile. Mbinu ni ileile. Mshangao ni mwingine kabisa, na umefundishwa kwa aya mbili za ziada.

Muangalie pia kama mwalimu anataja alikotoa. Kazi hii ina nasaba yake. Mwenye adabu atakwambia mbinu hii ni ya fulani, mchezo ule ameuboresha fulani. Giobbi amesifika kwa hilo. Anayejifanya kila kitu amekibuni yeye, ama hajasoma, ama anaiba, na wote wawili hawafai kukulea.

Na muangalie anataka ununue nini. Anayeanza anahitaji pakiti mbili za karata za kawaida, za karatasi nzuri, zinazoteleza bila kunata. Zile za plastiki ngumu zinakimbia mkononi na zinakataa kukunjika. Karata zako hazihitaji kuwa za fahari. Kuna karata za kutengenezwa, zilizokatwa au kupakwa kwa hila, na zina mahali pake. Lakini usianze nazo. Siku mtu atakaponyoosha mkono na kusema, "Hebu nizione," utazificha mfukoni kama mwizi. Aliyejifunza kwa karata za kawaida anaazima pakiti ya mwenye nyumba, iliyochakaa, yenye mafuta ya sambusa, na anafanya kazi yake. Duka linalokuuzia mchezo mmoja kwa bei ya kitabu kizima linakuuzia njaa, maana mwezi ujao utarudi. Na mkusanyo wa vitabu vya wizi ndani ya simu ni maradhi yaleyale kwa sura nyingine, juu yake ukiweka dhambi ya kula jasho la mtu.

Hata hivyo kitabu peke yake hakitoshi. Jean-Eugène Robert-Houdin, Mfaransa aliyezaliwa Blois mwaka 1805 na ambaye mwanamazingaombwe Houdini aliazima jina lake, anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba akiwa kijana alikwenda kununua kitabu cha ufundi wa saa. Muuza vitabu akampa kingine kwa bahati mbaya, juzuu mbili za burudani za kisayansi, na ndani yake mkawa na mazingaombwe. Alikesha nacho. Lakini punde akagundua kwamba kitabu kinamwambia mchezo unafanywaje bila kumpa mikono ya kuufanya. Akamtafuta mtu mmoja wa mji wake, akamlipa amfundishe kurusha na kudaka mipira. Alipoweza mipira minne alijiwekea kitabu mbele, akawa anasoma huku mipira iko hewani, ili mikono ijifunze kutomsumbua akili. Fanyeni hivyo. Kama mjuzi yupo karibu nanyi, mwendeeni kwa heshima, msimwombe siri, mwombeni awatazame mikono yenu. Kama hayupo, tafuteni mwenzenu mnayeanza naye, mtazamane na mkosoane bila kuoneana haya. Kioo nacho ni mwalimu, ila kina ubaya: ukikizoea unaanza kupepesa jicho kila wakati wa hila, usijione.

Limebaki la mwisho, nalo ni zito kuliko yote niliyosema. Angalieni chanzo chenu kinawapeleka wapi. Zile karata tatu za pata potea, zinazowaliza wasafiri kwenye stendi za mabasi, zimeelezwa katika kitabu cha Erdnase. Mkono uliojifunza kubadilisha karata ili jirani acheke unaweza kubadilisha karata ili jirani akose nauli ya kurudi kwao. Msikae na mwalimu anayewavuta huko hata kidogo. Mwanamazingaombwe anamwambia mtu waziwazi kwamba atamdanganya macho, na mtu anakubali. Wa pata potea hamwambii.

Na yuko wa tatu, hatari zaidi: anayetangaza kwamba atakufundisha mazingaombwe, na ukimfuata anakuuzia pete, dawa na nguvu. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alitoa The Discoverie of Witchcraft, na ndani yake akaeleza hila za karata na sarafu na kamba, kwa nia ya kuwaonyesha watu wa zama zake kwamba waliokuwa wakiitwa wachawi kwa ajili ya michezo hiyo walikuwa na vidole vyepesi tu. Zaidi ya miaka 400 imepita. Huku kwetu bado wako wazee wanaouawa kwa tuhuma za uchawi, na bado wako matapeli wanaochomoa vitu mwilini mwa mgonjwa kwa hila ya kiganja na kumlia fedha zake. Anayejifunza kazi hii kwetu ana wajibu ambao vitabu vya ng'ambo havimkumbushi: aseme, tena kwa sauti, kwamba huu ni mchezo, umetokana na mazoezi, na hauna jini wala mganga. Ukiulizwa na mama aliyeshtuka kama una kitu, usitabasamu kwa siri ili akuogope. Mwambie hapana, mama, ni mikono tu.

Basi wanangu, fanyeni hesabu ya mlivyo navyo leo. Futeni mnavyoweza kufuta. Chagueni kitabu kimoja katika nilivyovitaja, au kingine kilichopita kipimo nilichowapa. Kaeni na sura ya kwanza mpaka mtu wa nyumbani kwenu aseme amechoka kuwasikia mkichanga. Mkishapata michezo mitano mnayoweza kuifanya mmeamshwa usingizini, mbele ya watu wa kila upande, kwa karata za kuazima na kwa Kiswahili chenu, mmeshawapita wengi wanaojua mia tano. Hapo ndipo mje mniulize kitabu cha pili.